Juu ya nini tilapia wa kiziwa wanabakia wadogo?

Katika mabonde ya Butembo na pembeni ya Beni, watu wengi wanachimba viziwa na kutia tilapia. Kwa familia ambayo ukosefu wa usalama umeizuia kufika shamba la mbali, kiziwa karibu na nyumba ni mboga na pesa ya masomo. Lakini kisha miezi sita, wengi wanavuna samaki wa ukubwa wa vidole. Wanasema mbegu ilikuwa mbaya. Mara nyingi sababu ni baridi ao wingi wa vitoto.

Butembo iko juu, zaidi ya metre 1.700. Tilapia anapenda maji ya digri karibu 28. Yakishuka chini ya 20, anakula kidogo na anakawia kukomaa. Kuacha mto upite ndani ya kiziwa mchana na usiku kunaongeza hasara: maji mapya yanaleta baridi na kuondoa ule ukijani ambao ni chakula cha samaki. Afadhali kufunga mlango wa maji, kuongeza tu yaliyopotea, na kutia mbolea ya mbuzi ao ya kuku. Ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko: kama kiganja kinaonekana wazi, mbolea haijatosha.

Beni iko chini zaidi, joto ni nyingi, na huko shida ni ingine. Tilapia anaweza kuanza kuzaa na miezi mitatu tu. Jike anataga, kisha anachukua mayai ndani ya kinywa na kuyalinda humo, hata vitoto vikiisha kutoka. Ndugu zake wadogo wa Ziwa Tanganyika, wale wa rangi wanaouzwa Ulaya kwa kupamba nyumba, wengi wanafanya vilevile. Basi vitoto vingi vinapona, na chakula cha samaki mia kinagawanywa na maelfu.

Dawa iko. Tia samaki wawili kwa kila metre ya mraba, si zaidi. Wakifikia gramu 30 hivi, wageuze tumbo juu: nyuma ya tumbo dume ana matundu mawili, jike matatu. Acha madume peke yao. Ao ongeza kambale wachache, wadogo kuliko tilapia wako; watakula vitoto, na wakubwa watapata nafasi ya kunenepa.