Mpini, msuka na kabari

Mpini (wingi: mipini) ni mti unaotiwa kwenye jembe, shoka au kisu ili mkono upate pa kushika. Maana hiyo haina utata. Utata huanza mfasiri anapochukua neno moja na kulibandika kwa kila kinachoshikwa. Kikombe na sufuria vina mkono; droo ina kishikio; kisu kidogo kina kipini, neno ambalo pia ni pambo la puani. Bunduki ina kitako, yaani sehemu inayoegemezwa begani, na pale kiganja kinapokamata panafaa kuitwa kishikio. Mshiko ni neno la kuangaliwa, kwa kuwa mitaani maana yake ni fedha.

Jembe ndilo linaloonyesha vizuri kwa nini tofauti hizi zina uzito. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Jembe lililoegemezwa ukutani tangu mavuno hukauka mpini, mti ukanywea, na mvua za kwanza zinapofika Bahi au Chamwino chuma kinacheza. Dawa iliyozoeleka ni kulitumbukiza kichwa kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Mti huvimba na jembe hukaza, lakini kwa siku chache tu: nyuzi za mti zilizovimba ndani ya chuma hazina pa kwenda, hubanwa, na zikikauka hunywea kuliko mwanzo. Chuma kinachochomoka jembe likiwa juu humfikia anayelima jirani.

Hapo ndipo lilipo neno ambalo wanafunzi wengi hawalijui: msuka, ile ncha ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Katika jembe la asili, msuka hupenya kichwa kinene cha mpini. Fundi huupasha moto hadi uwe mwekundu, akatoboa nao tundu kidogo kidogo, kwa kuwa akiharakisha mti hupasuka. Msuka ni mwembamba nchani, hivyo kila pigo la ardhini huuzamisha zaidi. Jembe la kiwandani, kama yale yaliyotengenezwa Ubungo, Dar es Salaam, lina tundu la duara badala ya msuka. Mpini hupitishwa humo, na unene wa mwisho wake ndio unaozuia chuma kuruka. Kusema «msuka umelegea» kwa jembe la namna hii ni kosa.

Kinachokaza kwa kudumu ni kabari, kipande chembamba cha mti mkavu kinachogongwa kujaza nafasi. Wengine hutia kipande cha tyubu ya baiskeli, nacho hushika vizuri kuliko kitambaa. Kisu hakihitaji kabari. Huvishwa noleo, pete ya chuma mahali msuka unapoingia, ili mti usipasuke.

Kuhusu vitenzi: jembe hutiwa mpini, na msuka huchomekwa. Kuchomeka ni kuingiza kitu kwenye tundu au upenyo; kuchomelea ni kuunganisha vyuma kwa moto. Kijitabu cha kilimo kikiandika «chomelea msuka kwenye mpini», msomaji atapeleka jembe kwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mpini utaungua.