Gari Lililonyanyuliwa na Vituta vya Serengeti

Kwenye gereji za Mwanza swali hili halikauki: kwa nini Land Cruiser iliyonyanyuliwa na kuvishwa matairi makubwa huwatingisha abiria kuliko mwanzo, mara tu inapoacha lami ya Musoma na kuingia lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti? Mwenye gari humlaumu fundi, fundi huilaumu barabara.

Barabara ina lawama yake. Mwaka 2007 Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walionyesha maabara kwamba gurudumu likibingirika juu ya mchanga kwa mwendo wa kutosha, vituta hujitengeneza vyenyewe, hata kama gurudumu halina springi.

Utamu wa jambo uko kwenye midundo. Chukua vituta vilivyoachana sentimita 70. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kila gurudumu hupigwa takriban mara 12 kwa sekunde. Ekseli na magurudumu yake, yaliyobanwa kati ya springi juu na upepo wa tairi chini, nayo yana mdundo wake wa asili: kwa magari mengi, mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Midundo hiyo ikilingana, shughuli imeanza. Ni mtoto kwenye bembea: ukimsukuma ovyo, hafiki popote, ukimsukuma kila anapoanza kuondoka, kidole kimoja kinatosha kumrusha. Barabara ndiyo msukumaji asiyechoka, gurudumu ndilo mtoto, na shokapu ndiyo mkono unaomshika asipae. Wanafizikia huiita hali hiyo rezonansi. Kwa fundi, "muafaka wa midundo" ungeeleweka upesi zaidi.

Sasa mpe bembea mtoto mnene. Tairi kubwa na rimu yake ni uzito usiobebwa na springi, hivyo shokapu ya kiwandani huzidiwa nguvu. Hupata moto, mafuta ya ndani hutoa povu, na ukiigusa baada ya safari inaunguza. Ndiyo maana dereva huamua kukimbia: kilomita 60 kwa saa vituta hupiga mara 24 kwa sekunde, muafaka huvunjika na gari hutulia. Lakini hapo tairi hugusa vilele tu, na kwenye kona usukani hauna cha kushika. Hifadhini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na tairi la inchi 33 badala ya 31 hufanya mshale usome 50 wakati gari linakwenda 53.

Kunyanyua gari kunasaidia kuvuka mawe na madimbwi, ila huongeza hatari ya kupinduka.

Kabla ya kulipia springi ndefu, anza na upepo. Ukishuka kutoka PSI 35 hadi 25, tairi lenyewe humeza sehemu ya kishindo. Fedha inayobaki inunue shokapu imara, na ujaze upepo tena kabla ya kurudi kwenye lami.