Kabla hujapanda mti Bura, uliza nani aliuchagua

Ukisafiri kutoka Garissa kwenda Bura, chungulia dirishani. Ule ukijani unaokufanya udhani ukame umeshindwa ni mathenge. Usiupige picha kwanza.

Mti huu ulipandwa Bura mapema miaka ya 1980, kwenye mradi wa unyunyizaji maji. Nia ilikuwa njema: wakulima waliohamishiwa pale walihitaji kuni, na mathenge hauogopi ukame. Shida ni kwamba hauogopi chochote.

Mbuzi hula maganda yake matamu, halafu huangusha mbegu na kinyesi kila anakopita. Ukiukata bila kung'oa kisiki, unachipuka tena. Leo umeziba malka, zile njia za mifugo kushukia Mto Tana. Mfugaji akikosa malka anapitia shambani kwa mtu, na hapo ugomvi unaanza.

Mwaka 2006, Wailchamus wa Baringo walipeleka mbuzi kibogoyo hadi mahakamani Nairobi. Meno yalikuwa yameharibiwa na sukari ya mathenge. Mwaka 2008 serikali ikautangaza rasmi kuwa gugu hatari.

Mimi chuo niliacha, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Mfugaji wa Kisomali au wa Orma angekwambia mapema mbuzi watafanya nini na maganda matamu. Mkulima Mpokomo anajua maji hufika wapi mto ukifurika. Na mama anayeuza makaa ya mathenge ana swali lake: mkiung'oa wote, mimi nitakula nini? Mradi usiomjibu huyo mama utakwama, hata uwe na pesa kiasi gani.

Sasa serikali inataka miti bilioni 15 ipandwe ifikapo 2032. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka ihimize wananchi kushiriki katika kutunza mazingira. Kushiriki si kuitwa siku ya kupanda, ukapewa tisheti, soda na mche, mkapiga picha, kwaheri. Ni kuwa kikaoni kabla mti haujachaguliwa, na kuwa na haki ya kusema, "Huu hapana."

Kwa hivyo wakija kwenu na miche, kabla hujashika jembe, waulize hivi: Mti huu ni upi? Nani aliuchagua? Na nyinyi mkiondoka, nani ataumwagilia?

Wakianza kuangaliana, weka jembe chini. Itisha baraza.