Je, Wajua? Sindano ya Tatuu Haina Tundu

Wengi hudhani mchora tatuu hudunga wino kama nesi anavyodunga chanjo. Sivyo. Sindano yake ni chuma kisicho na tundu, na aghalabu huwa ni kadhaa zilizounganishwa pamoja. Huchovywa kwenye wino, wino ukanasa katikati ya ncha, kisha mashine ikazigonga ngozini makumi ya mara kwa sekunde. Kitobo kinapofunguka, wino huteremka wenyewe.

Kazi ya fundi ni kujua kina. Ngozi ya juu hujibandua na kujifanya upya kila baada ya wiki chache, kwa hiyo wino ukiishia hapo, tatuu itaondoka pamoja na magamba. Inabidi ifikiwe ngozi ya ndani, milimita moja hadi mbili hivi, ambako seli za ulinzi wa mwili huumeza wino na kushindwa kuusaga. Ukipitiliza hadi kwenye mafuta, wino husambaa na mstari uliokuwa mkali hugeuka ukungu wa bluu. Kina hicho hakipimwi kwa rula. Husikika mkononi, tena hubadilika: ngozi ya mbavuni si ya mgongoni, ya kijana si ya mzee. Mkono wa pili nao haupumziki, maana ngozi isipovutwa ikakaza, mstari unayumba.

Ndiyo maana anayeanza hapewi mtu. Hupewa tunda: chungwa, balungi au ndizi. Mimi ningemshauri ndizi, kwa kuwa ganda lake huchubuka upesi na ukikandamiza litakuumbua papo hapo. Ulaya na Marekani wengine hununua ngozi ya nguruwe buchani kwa sababu inakaribiana na ya binadamu. Ushauri huo ukiupeleka Unguja utaishia mlangoni, ila siku hizi zipo ngozi bandia za silikoni. Tatizo ni kwamba ndizi haitoi damu, haishtuki, wala haiulizi kama bado kidogo tu. Basi kwa wanagenzi wengi ngozi hai ya kwanza huwa ya paja lao wenyewe.

Je, wajua kwamba mashine yenyewe ilitokana na kifaa cha ofisini? Thomas Edison alipata hataza ya kalamu ya umeme mwaka 1876. Ilitoboa karatasi ili kutengeneza stensili za kunakilia nyaraka. Samuel O'Reilly wa New York alitumia wazo hilohilo kwenye ngozi, na tarehe 8 Desemba 1891 akapata hataza ya mashine ya tatuu. Leo mashine huagizwa mtandaoni na mtu yeyote mwenye kadi ya benki, jambo linalowafanya vijana wengi waamini kwamba kununua ndiko kuanza.

Njia ya kuingia kwenye fani imekuwa na vituko vyake. George Burchett, aliyekuja kuwa mchoraji maarufu kuliko wote London, inasimuliwa kuwa alifukuzwa shule akiwa na miaka 12 kwa kuwachora wenzake. Maud Stevens alikuwa msanii wa sarakasi Marekani. Mwaka 1904, kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis, alikutana na Gus Wagner, baharia mwenye tatuu mwili mzima. Gus alitaka watoke pamoja. Maud akakubali kwa sharti moja, kwamba amfundishe kuchora. Waliishia kuoana, na Maud anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kujulikana kwa kazi hiyo nchini humo. Binti yao Lotteva alianza kuchora akiwa na miaka 9, lakini mwili wake haukuwa na tatuu hata moja: mama alimkataza baba kumchora, na baba alipofariki mwaka 1941, binti akaona hakuna mwingine anayestahili.

Kwingine mlango ni damu. Katika kijiji cha Buscalan, Ufilipino, bibi Whang-Od wa kabila la Kalinga huchora kwa mwiba wa mti wa jamii ya ndimu uliofungwa kwenye kijiti cha mwanzi na kugongwa kwa kijiti kingine, wino ukiwa masizi na maji. Alifundishwa na baba yake, naye amewarithisha wajukuu wa ndugu zake, kwa kuwa mila inataka ufundi ubaki ndani ya ukoo. Aprili 2023, akiwa na miaka 106, alitokea kwenye jalada la jarida la Vogue Philippines.

Asiye na ukoo hupitia ufagio. Uanagenzi kwenye studio za Ulaya na Marekani mara nyingi huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, tena wengine hulipa ili wafundishwe. Miezi ya kwanza ni kusugua meza, kufunika nyaya za mashine kwa plastiki na kuhamisha michoro kwenye stensili. Inaonekana kama kunyanyaswa, na pengine ni hivyo kweli, lakini humo ndimo mtu anapojifunza usafi.

Mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam ana somo la ziada ambalo picha za Ulaya hazimpi. Rangi ya asili ya ngozi hukaa juu ya wino, kwa hiyo kila rangi huonekana kupitia kwayo: njano na rangi hafifu hufifia, nyeusi hubaki thabiti. Ngozi nyeusi pia huelekea zaidi kuota makovu yanayovimba, na fundi mzuri humuuliza mteja habari za makovu yake ya zamani kabla hajawasha mashine.

Sheria nayo haijawa rafiki. New York ilipiga marufuku tatuu mwaka 1961 kwa hofu ya homa ya ini, ikaruhusu tena 1997. Japani, mchoraji mmoja wa Osaka alitozwa faini mwaka 2017 kwa kukosa leseni ya udaktari. Alikata rufaa akashinda, na Septemba 2020 Mahakama ya Juu ikathibitisha ushindi wake. Korea Kusini ndiyo kali zaidi. Uamuzi wa mahakama wa mwaka 1992 uliihesabu tatuu kuwa tiba, na kwa kuwa madaktari wanaochora ni wachache mno, karibu kila tatuu ya Seoul ilikuwa kazi ya mvunja sheria. Septemba 2025 Bunge lilipitisha sheria ya kuwapa leseni wasio madaktari, itakayoanza kutumika 2027. Wanaojifunza huko sasa hivi wanasomea kazi ambayo bado inaweza kuwafikisha kizimbani.