Ugonjwa Hauanzi Siku Unapoonekana

Jirani mmoja alikanyaga msumari. Kidonda kilikuwa kidogo, lakini wiki tatu zilipita bila kupona. Alipofika kituo cha afya, munganga alimpima damu, akamwambia: «Mama, una ugonjwa wa sukari, na haukuanza jana.» Jirani akashangaa: «Mbona sikuwa mgonjwa?»

Waganga wa India walifikiri juu ya swali hilo tangu zamani. Tiba yao inaitwa Ayurveda, maana yake elimu ya maisha. Wanasema mwili unaongozwa na nguvu tatu: vata ya mwendo, pitta ya moto, na kapha ya unyevu na uzito. Zikilingana, mtu ni mzima. Zikikosana, ugonjwa unaanza safari yake. Kitabu cha kale cha Sushruta kinaihesabia safari hiyo hatua sita:

1. Kujikusanya. Nguvu moja inazidi mahali pake. Tumbo linajaa, mwili unakuwa mzito, na mtu anaanza kuchukia kile kinachomdhuru.

2. Kuchafuka. Kiungulia, kiu, tumbo kuuma, chakula hakipendezi.

3. Kuenea. Nguvu hiyo inafurika, kama maji mengi yanayobomoa ukingo na kukimbia kila upande.

4. Kutua. Inapata mahali padhaifu mwilini na kukaa hapo. Dalili ndogo zinaanza.

5. Kujionyesha. Sasa ugonjwa una jina.

6. Kuharibu. Ugonjwa unazoea mwili, unaleta mengine, na kuuponya ni kazi ngumu.

Sushruta anafundisha kwamba ugonjwa ukizuiwa hatua ya kwanza, haufiki mbele. Na kila hatua unazidi nguvu. Sisi wengi tunaamka kwenye ya tano. Jirani yetu aliamka kwenye ya sita.

Sukari wenyewe waliijua: waliita madhumeha, yaani mkojo wa asali. Waganga wa hospitali hawapimi vata wala pitta. Wanapima sukari iliyo katika damu. Lakini nao wanasema sukari ya watu wazima inaweza kupanda miaka mingi bila mtu kusikia kitu.

Kinga ya Ayurveda haiombi pesa nyingi. Amka mapema. Safisha meno na ulimi. Fanya mazoezi mpaka nusu ya nguvu zako, usijichoshe. Usile tena kabla chakula cha kwanza hakijashuka. Na tumbo ligawe mafungu manne: mawili ya chakula, moja la kinywaji, moja liache wazi.

Ila tuangalie. Dawa nyingine za Ayurveda zimekutwa na risasi na zebaki, ambazo ni sumu, zaidi kwa mwenye mimba na watoto. Usinunue chupa njiani kwa sababu tu muuzaji anasema ni majani matupu. Na mwenye sukari asiache dawa za munganga.

Leo jioni, uliza nyumbani: nani anakunywa maji sana? Nani anaamka usiku mara nyingi kukojoa? Nani anachoka bila kazi, au anakonda bila sababu? Huyo apelekwe kupimwa wiki hii. Jirani yetu anasema dalili hizo zote alikuwa nazo. Alifikiri ni uzee tu.