Je, Moyo Wako Hupiga Mara Ngapi?

Moyo haupumziki hata mtu alalapo. Ukipiga mara 70 kwa dakika, basi kwa siku moja hupiga mara 100,800. Hata hivyo ni wachache wetu wanaojua hesabu ya mioyo yao wenyewe.

Kuipata si kazi ngumu. Asubuhi, kabla hujaondoka kitandani, tulia kimya. Geuza kiganja cha kushoto kitazame juu. Weka ncha za kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia penye kifundo, upande wa kidole gumba, ubonyeze kidogo. Usipimie kidole gumba, maana nacho kina mshipa unaopiga, nao utakuchanganya. Tazama saa, uhesabu dakika nzima. Fanya hivyo siku kadhaa, uandike daftarini.

Hesabu ya kawaida kwa mtu mzima, na kwa vijana wa umri wetu, ni kati ya 60 na 100. Aliyezoea mbio ndefu aweza kuwa na 50, naye ni mzima; moyo wake umepata nguvu, husukuma damu nyingi kwa kila pigo.

Ukipanda kutoka mjini Morogoro, penye mita kama 500 juu ya bahari, kwenda Morningside katika milima ya Uluguru, moyo huenda mbio kwa sababu misuli yadai oksijeni. Ukipumzika hutulia. Kadiri uzoeavyo kupanda, ndivyo utuliavyo upesi.

Lakini faida kubwa ya hesabu hii ni wakati wa maradhi. Homa huongeza mapigo. Tena mtu aliyepungukiwa na damu kwa malaria au kwa minyoo ya safura, moyo wake waweza kupiga upesi hata akiwa amelala, kwa kuwa damu hiyo haba hapana budi izungushwe mara nyingi zaidi. Mwenzetu wa namna hiyo akibaki nyuma mbioni twamwita mvivu, kumbe ni mgonjwa, na kumlazimisha ni kumdhuru.

Basi ukiona hesabu ya asubuhi imezidi sana ile uliyoizoea, usikimbie siku hiyo. Ikizidi 100 nawe umetulia, au mapigo yakiruka ovyo, au yakiwa machache nawe waona kizunguzungu, nenda zahanati. Chukua na daftari lako: mganga ataona hesabu ya siku zako za afya, ailinganishe na ya siku hiyo.