HAKI YA RUSUMO ISEME KISWAHILI

Rusumo ni eneo lililo katika bonde la mto Kagera, mpakani mwa Rwanda na Tanzania. Wananchi wake husema Kinyarwanda, lakini zamani ofisi zake zilitumia Kifaransa, lugha iliyoachwa na wakoloni wa Kibelgiji.

Mwezi Aprili 1994, meya wa Rusumo, Sylvestre Gacumbitsi, alishiriki kuwaangamiza Watutsi waliokimbilia kanisa la Nyarubuye. Mwishoni mwa mwezi huo, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja tu. Tanzania iliwapokea. Meya huyo naye alivuka. Akakamatwa Kigoma mwaka 2001. Mahakama ya Umoja wa Mataifa mjini Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 30 mwaka 2004, na rufani ya mwaka 2006 ikakigeuza kuwa cha maisha.

Mahakama hiyo ilifungwa mwaka 2015. Kumbukumbu zake zimehifadhiwa Lakilaki, chini ya Mlima Meru. Lakini lugha zake rasmi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Je, mkulima wa Ngara aliyegawana chakula na wageni, au mvuvi wa Pemba, atazisomaje?

Rwanda yenyewe ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Viongozi wetu hawana budi kuhakikisha hukumu hizo zinatafsiriwa na kufundishwa shuleni, Bara na Visiwani. Bahari haizuii sumu ya ubaguzi. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.